Maji Kwenye Zizi la Zamani

6 Oktoba

Nimeolewa. Nimeolewa! Acha niandike mara ya tatu, daftari halina mdomo wa kunicheka: nimeolewa na Mohau. Juzi nilikuwa Keneuoe, msichana aliyemaliza sekondari akarudi kwao kufua na kungoja. Leo mimi ni 'Malisebo, mama wa mtoto ambaye hata tumboni hajafika, kwa sababu ukoo huu umekwisha kuamua kwamba wa kwanza ataitwa Lisebo, jina la bibi yake Mohau.

Nyumba yetu ni ya duara, imeezekwa upya, nyasi bado zinanukia. Ndani mna kitanda, kasha langu, sufuria za arusi, na mke mwenzangu. Mke mwenzangu ni mashine. Ni pipa dogo lililovikwa karatasi nyeupe, linazunguka polepole usiku na mchana, na kalamu nyembamba imelilalia ikichora mstari. Waya unatoka hapo, unapita dirishani, unaruka ukuta wa mawe wa zizi la zamani, na kuzama shimoni ambako kifaa chenyewe kimekaa juu ya mwamba. Ardhi ikitikisika kule, kalamu hutikisika huku. Mohau ndiye mlinzi wake. Kila asubuhi anavua karatasi ya jana, anavisha mpya, anaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa kuinama.

"Umzoee," ameniambia. "Huyu halali, na mimi nalala kati yenu."

Kwik, kwik, kwik, usiku kucha. Nimelala nikitabasamu.

8 Oktoba

Mama mkwe, 'Mamohau, ninayemwita 'M'e, yaani mama, amenikalisha chini kunifunza nyumba yake. Bibi arusi huamka kabla ya kila mtu. Hatembei kichwa wazi. Jina la baba mkwe halitamki (basi hata hapa siliandiki). Haingii chumbani kwake wala hamsemeshi, hata kumwita Ntate, yaani baba; akiwa na neno anampa mama mkwe, naye atalifikisha. Na zizini haingii kabisa, la ng'ombe wa sasa na lile la zamani.

"Hata lile ambalo halina ng'ombe, 'M'e?"

"Wazee wa nyumba hii wamelala kando ya ukuta wake. Unadhani ng'ombe ndio wenye zizi? Bibi arusi akikanyaga mle tumbo linafunga. Unamtaka Lisebo, humtaki?"

Namtaka. Nimepiga magoti nikashukuru. Mohau anasema ndiyo maana kifaa kiliwekwa humo: mwamba uko wazi, ukuta unazuia upepo, na hakuna mwizi katika milima hii anayethubutu kuingia. Baba mkwe alipika pombe akawaambia waliolala, "Kuna mgeni anakuja kusikiliza. Mvumilieni." Ndivyo alivyosema, na uso wake ule wa jabali. Mimi hajawahi kunitazama. Akipita, nageukia ukuta, naye anageukia mlima.

11 Oktoba

Leo Mohau kanionyesha mimi mwenyewe kwenye karatasi! Alfajiri, mstari umenyooka kabisa, kisha vidoti vidogo, vidogo, kama mshono: "Huyu ni wewe unatoka kuchota maji." Halafu vidoti vizito: "Huyu ni wewe unarudi na ndoo kichwani." Nikamuuliza kama mke wa mtu mwingine amewahi kuandikwa na dunia yenyewe. Akasema hajasikia.

12 Oktoba

Kupanda mtama. Mgongo.

17 Oktoba

Aibu, aibu tupu! Nimeoka mkate wangu wa kwanza ukweni, ndani ya chungu cha miguu mitatu, makaa ya samadi chini na juu ya kifuniko. Kwa nje ulitoka wa dhahabu. Mama mkwe akaukata mbele ya jirani yetu 'Mathuso, na katikati ukamwagika uji.

"Ee," akasema 'Mathuso, "shule wanafundisha kuoka hadi nusu, nusu ya pili ni chuo kikuu."

Mama mkwe akacheka hadi kilemba kikadondoka. Nikakimbilia nyumbani kulia. Mohau akanifuata na kile kipande, akakiweka mbele yangu kama mwalimu.

"Unajua ulichooka? Umeoka dunia." Akagonga ganda la mkate. "Hili ndilo ganda tunalolikanyaga, na milima yote hii, na migodi yote. Jembamba hivi." Akabonyeza sehemu laini iliyoiva. "Hili ni joho. Ni mwamba, si uji, lakini ni mwamba wa moto unaosogea polepole kuliko kucha inavyoota. Kisha hapa panapomwagika ni kiini cha nje, chuma kilichoyeyuka."

"Na katikati kabisa?"

Akachovya kidole kwenye ule uji akatoa bonge la unga mkavu ambalo sikulikoroga vizuri. Akaangua kicheko. "Hata hili umeliweka! Kiini cha ndani. Chuma kigumu. Kina joto la kutisha, lakini kimebanwa na uzito wote wa juu, hakiwezi kuyeyuka."

Nikamuuliza nani aliukata mkate huo akaona. Akasema hakuna. Shimo refu kuliko yote waliyowahi kuchimba watu halijatoboa hata ganda. Wanajua kwa kusikiliza tu.

Tumeula ule mkate wote, mbichi na mbivu. Tumbo linauma na nina furaha.

27 Oktoba

Daktari Ramokoatsi, mwenye mashine hii, amefika kutoka chuo kikuu kule bondeni, kwa gari lililopakwa tope hadi madirishani. Nilidhani daktari wa dunia ni mzee mwenye ndevu, kumbe ni mwanamke wa umri wa mama yangu, amevaa blanketi na viatu vya mlima. Alipitia karatasi za Mohau moja moja akinung'unika kwa raha, "Safi. Safi. Hii safi."

Nilikuwa nikimwaga chai, kwa hiyo nilisikia yote. Anataka fundi wa vifaa, wa kudumu, na atamchagua kati ya walinzi wa vituo. Vituo vimepangwa mstari kutoka milimani hadi tambarare, na chetu kiko katikati, ndicho ufunguo. Anangoja tetemeko kubwa upande wa pili wa dunia, ambalo mawimbi yake yatapita kwenye kiini chenyewe na kuibuka chini ya miguu yetu.

"Siwezi kuliagiza," akasema. "Linaweza kuja kesho, linaweza kuja siku unayopiga chafya. Nataka karatasi zisizo na pengo hadi mwisho wa Februari. Ukinipa hizo, Ntate Mohau, kazi ni yako, na nyumba ya chuo. Nyumba ya watu wawili," akaongeza, akinitazama, na mimi nikamwaga chai kwenye sahani.

Mohau hakulala. Kila mwanamume wa rika lake yuko chini ya ardhi ya Jo'burg, kwenye migodi ya dhahabu. Mjomba wake amemshikia nafasi huko, na baba mkwe amemwambia waziwazi: chombo kisipozaa kazi, mwezi wa Machi anakwenda kujiandikisha. 'Mathuso amemwona mumewe mara tatu tangu aolewe, kila mara Krismasi.

"Nikienda mgodini," akaninong'oneza, "nitakuwa ndani ya dunia nisisikie kitu. Nikibaki juu, naisikia hadi moyoni."

Hatakwenda. Nimemwambia hatakwenda.

5 Novemba

Nimejifunza mawimbi! Tetemeko likitokea, yanatoka ya aina mbili. La kwanza ni la kusukuma, kama watu waliopanga foleni dukani mmoja akisukumwa nyuma, na msukumo unafika hadi kaunta. Hilo lina mbio, hufika mbele, na linapita popote. La pili ni la kutikisa kwa ubavu. Mohau alinipa ncha ya kamba ya ng'ombe akaitikisa, mkunjo ukakimbia hadi mkononi mwangu.

"Sasa tikisa maji hivyo," akasema, akanisogezea ndoo.

Nikajaribu. Maji hayashikiki, hayana ncha ya kutikisa.

"Ndivyo walivyojua. Lile la pili halifiki kamwe upande wa pili wa dunia. La kwanza linafika, limepinda na limechelewa. Basi njiani pana kitu cha majimaji, na kwa kupima pale linapopotea wakajua ukubwa wake."

Mama mkwe akatukuta na kamba, kila mmoja ncha yake. "Mnafungana?" akauliza. "Mbona tayari mmefungwa?"

6 Novemba

Upepo mwekundu. Vumbi hadi kwenye ugali.

19 Novemba

Dhoruba ya kwanza ya kweli. Umeme ulianguka mlimani, kalamu ikaruka kama panzi. Baada ya mvua Mohau na baba yake waliingia zizi la zamani. Nilitazama kutoka mlangoni pangu. Chini ya ukuta, upande wa mteremko, pana tundu la kutolea maji. Mvua ikisukuma nyasi na samadi ya zamani, tundu linaziba, na maji yanaanza kujikusanya kuelekea shimo la kifaa. Baba mkwe alilala kifudifudi, mzee yule, akaingiza mkono hadi begani akalizibua. Akainuka na matope kidevuni.

Kwa mara ya kwanza nilitaka kucheka mbele yake. Nikageukia ukuta.

2 Desemba

Siandiki kwa sababu nina furaha, na furaha hainiachii muda.

21 Desemba

Wanaume wamerudi kutoka migodini na redio, mablanketi mapya na vikohozi. Mume wa 'Mathuso alimtania Mohau kwenye pombe, "Wewe ndiye uliyeajiriwa na shimo lisilo na dhahabu?" Mohau akamwuliza mgodi wao unafika chini kiasi gani. Akasema chini sana, miamba inaunguza mkono. "Basi," akasema Mohau, "dunia ingekuwa mkate wa mke wangu, ninyi hamjakwaruza hata chumvi ya juu." Wakacheka wote. Lakini nikamwona mume wa 'Mathuso akiitazama mikono yake.

4 Januari

Wamekwenda tena. 'Mathuso hakuja kisimani.

14 Januari

Nitaandika kwa mpangilio, maana nisipoandika nitapasuka.

Leo asubuhi Mohau aliondoka na farasi kupeleka betri ikachajiwe kwenye duka la kambini, mji mdogo wa serikali. Aliniachia betri ya akiba ikifanya kazi na busu kwenye paji la uso. Mama mkwe alikwenda mazishi ya shangazi yake, ng'ambo ya mto, pamoja na 'Mathuso. Tulibaki wawili katika boma: mimi, na baba mkwe chumbani mwake akishona tandiko.

Mchana mbingu ikawa nyeusi, si ya mvua, ya kijani. Ikanyesha mvua ya mawe. Si vijiwe, mayai ya kuku. Kalamu ikapagawa, ikachora msitu mweusi. Nikajiambia ni mawe yanapiga ardhi, yatakwisha. Yakaisha, yakaja maji.

Nilitazama kupitia mlangoni. Kupitia lango la zizi la zamani niliona maji yakimeta pale ambapo hayapaswi kuwapo. Tundu lilikuwa limezibwa na mawe ya barafu na nyasi. Maji yalikuwa yanapanda kuelekea kwenye kifuniko cha shimo.

Nilijua la kufanya. Nilimwona mzee akilifanya. Ni kulala chini na kuvuta.

Nilikimbia na jembe upande wa nje wa ukuta, nikaingiza mpini kwenye tundu. Ukuta ni mnene, mpini ukafika nusu, ukagota. Nikasukuma hadi kiganja kikachanika. Nikazunguka hadi langoni. Niliinua mguu. Naapa niliuinua mguu. Nikawaona waliolala kando ya ukuta, si kwa macho, nikalisikia lile neno la tumbo kufunga, nikamwona Lisebo wangu ambaye hayupo. Nikaushusha mguu upande wa nje.

Basi kilibaki kitu kimoja, kumwita baba mkwe. Hatua chache tu, mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Lakini nimwite nani? Jina silitamki. Kumsemesha siruhusiwi, sisi wawili peke yetu, kichwa changu kimeloa, kilemba kimeniporomoka. Nilisimama kwenye mvua nikikohoa. Nikaangusha ndoo makusudi. Nikapiga sufuria. Hakutoka.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nitalikumbuka hadi nizikwe. Niliimba. Nilisema moyoni, wimbo si maneno, wimbo haumlengi mtu. Nikaimba kwa sauti yangu yote ya kwaya: maji yako zizini, ee, mgeni wetu anazama, ee, nani atamtoa. Niliimba nikizunguka uani kama mwendawazimu, na kutoka ndani nikamsikia baba mkwe. Alikuwa akiniitikia. Alikuwa anavumisha sauti ya chini, ile ya wanaume, akinisaidia wimbo.

Niliimba hadi sauti ikakauka. Niliporudi nyumbani, pipa lilikuwa likizunguka vilevile, na kalamu imenyooka. Haikuwa imesimama. Ilikuwa inachora, kwik, kwik, mstari ulionyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuuona. Hakuna hatua zangu, hakuna upepo, hakuna dunia.

15 Januari

Mama mkwe alirudi alfajiri, nikamwambia kabla hajatua mzigo. Alipiga kelele moja. Baba mkwe akatoka mbio bila blanketi, akaingia zizini, akalizibua tundu kwa mkono. Maji yakatoka. Alipofunua shimo, ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai.

Alimgeukia mama mkwe, si mimi, maana hata hapo mila ilishika.

"Mwulize kwa nini hakuniita."

"Anauliza kwa nini hukumwita," akasema mama mkwe.

"Niliimba, 'M'e."

"Anasema aliimba."

Mzee akasimama na matope yakimdondoka viwikoni. "Nilisikia," akasema. "Nilimsikia. Nikasema mwanangu ameoa ndege, mvua yote hii na bado anaimba. Maneno sikuyashika, mawe yalikuwa yanapiga paa." Kisha akapaza sauti, kwa mlima au kwa nani sijui: "Si angenirushia hata jiwe mlangoni! Angenivunjia mlango! Nani alimwambia adabu ni kuacha nyumba iungue?"

Mama mkwe hakufikisha hayo. Alivua kilemba chake kikavu akanifunga kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyemwambia."

Miezi yote hii nilidhani mzee yule hanioni.

Mohau alifika jioni. Alisikiliza yote akiwa bado ameshika hatamu. Nilingoja anigombeze. Laiti angenigombeza. Aliichukua karatasi, akapitisha kidole kwenye ule mstari hadi mwisho, akasema, "Ulifanya ulivyofundishwa." Akaenda kumfungua farasi tandiko.

16 Januari

Amekikausha kifaa juani, vipande juu ya blanketi letu la arusi. Hakijibu. Ametuma ujumbe kambini ili Daktari apelekewe habari.

18 Januari

Redio ya jirani asubuhi: usiku wa kuamkia leo, tetemeko kubwa chini ya bahari, upande wa pili kabisa wa dunia. Kubwa kuliko yote kwa miaka mingi.

Mohau alikuwa akila. Aliweka kijiko chini. Akaenda nje, akakaa juu ya ukuta wa zizi la zamani, akaweka kiganja juu ya jiwe. Alikaa hivyo hadi jua likawa kali. Mawimbi yalikwisha kupita usiku, yametoboa joho, yamepita kwenye chuma kilichoyeyuka na kile kigumu cha katikati, yameibuka hapa hapa, chini ya nyumba yetu tukiwa tumelala tumegeuziana migongo, na hapakuwa na wa kuyapokea.

19 Januari

Hajanitania tangu siku ile.

30 Januari

Daktari Ramokoatsi amekuja. Waliketi nyumbani kwa wakwe, mimi nikapiga magoti na sinia la chai karibu na mlango. Hakuwa na hasira, na hilo likanichoma zaidi. Alitandaza karatasi za vituo vingine. Kwenye kila moja, baada ya ukimya mrefu, kulikuwa na mchomo mmoja mdogo, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

"Hili limepita kwenye kiini," akasema. "Kushoto kwenu lilifika mapema, kulia kwenu likachelewa. Mahali fulani chini ya milima hii kuna kitu kinachobadilisha mwendo wake. Nadhani mzizi wa milima yenyewe, mwamba wa zamani na wa baridi ulioshuka ndani ya joho. Unaanzia wapi, unaishia wapi, kituo hiki ndicho kingesema." Akaacha nafasi mezani kati ya karatasi mbili, upana wa kiganja. "Nitalazimika kukisia."

Kisha akauliza ilikuwaje.

Nilifungua mdomo. Mbele yangu walikuwa mume, baba mkwe, mama mkwe na mgeni. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Mimi," akasema Mohau. "Niliondoka bila kuzibua tundu la maji. Nilijua ni msimu wa mvua, nikasahau."

Baba mkwe alimtazama mwanawe, kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, usoni. Alikuwa akingoja. Nilijua anachongoja, hakunitisha, alikuwa karibu kunisihi. Mama mkwe akatazama sakafu. Na mimi nikainua birika nikamwongezea Daktari chai.

Kazi imekwenda kwa mlinzi wa kituo cha Quthing. Daktari alisema hivyo akimshika Mohau bega, akasema pia mtu msahaulifu hawezi kukabidhiwa vifaa vya chuo, hata akiwa na mikono mizuri kiasi gani. Msahaulifu. Mohau ambaye hajawahi kusahau kubadilisha karatasi hata siku ya arusi yake! Alitoka katikati ya ngoma, na suti yake, akaenda kuibadilisha, watu wakacheka.

Wamepakia pipa, waya, kalamu, vyote. Nyumba imekuwa kubwa.

31 Januari

Nilimwambia nitamwandikia Daktari ukweli. Akasema, "Ili akuone wewe mjinga badala yangu mimi? Kazi imekwisha kutolewa, Keneuoe." Aliniita jina la usichana. Sikujua kama ni mapenzi au ni kunirudisha kwetu.

9 Februari

Mapichi yameiva. Hakuna anayekula.

16 Februari

Amejiandikisha. Wamempima kifua, wamempima macho, wamempa namba. Amesema mgodi ule ni katika ile mirefu kabisa.

Usiku alinitania hatimaye. "Ningeoa mke asiye na adabu," akasema, "leo ningekuwa fundi." Akacheka, nami nikacheka, halafu hakuna aliyejua jinsi ya kuacha kucheka vizuri.

Nilimwambia nasikitika. Akaniambia anajua. Nilimwambia ningeingia leo, mara mia, hata kama Lisebo asije kamwe. Akanivuta kifuani. "Usiseme hivyo. Mimi nilikuwa mume wako miezi mitatu na sikuwahi kukwambia: mambo yakiharibika, ingia. Nilikufundisha kiini cha dunia, sikukufundisha hilo." Bado nampenda hadi nashindwa kupumua, na sasa mapenzi yenyewe yananiuma kama kidonda cha kiganja.

25 Februari

Ameondoka kabla ya jua, na wenzake wawili wa kijiji. Baba mkwe alimsindikiza hadi njia panda akimbebea kasha, mzee kumbebea kijana, watu wakashangaa. 'Mathuso alikuja akaketi nami bila kusema neno la mzaha. Aliniletea uji wa mtama. "Mwaka wa kwanza ndio mrefu," akasema.

3 Machi

Hakuna kilichotokea.

11 Machi

Leo mama mkwe alikwenda kliniki. Nikiwa nafua, niliona mbuzi wa jirani wameruka ukuta, wameingia kwenye mtama wetu, ule niliopanda wakati mgongo ukiniuma na moyo ukiimba.

Nilisimama. Baba mkwe alikuwa chumbani mwake. Nilikwenda hadi mlangoni pake, nikaweka mkono kwenye mwimo, nikatazama ndani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mitupu, hashoni chochote.

"Ntate," nikasema, "mbuzi wameingia mtamani."

Akainuka. "Wangapi?"

"Wengi. Upande wa kisima."

"Wewe wazuie kule chini, mimi nitapitia juu," akasema, akachukua fimbo, akanipita mlangoni.

Tuliwafukuza pamoja, mimi nikipiga makofi, yeye akipiga mbinja. Hatukupoteza mtama mwingi. Tuliporudi alisema, "Ahsante, mwanangu," kama mtu aliyesema hivyo kila siku, akaingia ndani.

Mbingu haikuanguka. Hakuna aliyeinuka kaburini. Nimekaa hapa na nguo zilizoloa mapajani, na sipati nguvu ya kuzianika. Ilikuwa rahisi hivyo.